Sura ya Sita: Ngozi ya Chui

Malori yanayotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam hupumzika Shelui kabla ya kuukabili Mlima Sekenke, na yanayotoka Dar huteremka mlima huohuo yakatufikia breki zikinuka. Kwa hiyo mji wetu ni wa watu wanaosubiri. Dereva anasubiri chai, utingo anamsubiri dereva, mama ntilie anawasubiri wote wawili. Banda la video, au kibanda umiza, halikuhitaji tangazo.

La kwetu lilikuwa nyuma ya fundi baiskeli: bati juu, maturubai pembeni, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa yaliyotuchana kaptula. Mbele kulikuwa na TV ya chogo, imefungiwa ndani ya kabati la nondo lenye kufuli. Nje, kwenye ubao, mwenye banda aliandika kwa chaki saa, jina la mkanda, na neno moja lililokuwa na uzito kuliko jina lenyewe: TAFSIRI. Mkanda usio na tafsiri uliingiza nusu ya watu. Wenye tafsiri ulijaza mpaka watoto tukapakatana.

Humo ndimo nilimomwona Blade, mwindaji wa wanyonya damu, koti jeusi refu na upanga mgongoni. Filamu ilitoka 1998. Kwetu ilichelewa, sijui kwa miaka mingapi. Hatukumwita Blade. Tulimwita Snaipsi, kwa jina la mwigizaji, Wesley Snipes. Sikujua kwamba Blade ni mtu wa katuni, kwamba Marv Wolfman na Gene Colan walimbuni mwaka 1973, wala kwamba huko Marekani kulikuwa na watu wazima wenye ajira waliotoka sinema wakinung'unika kuwa huyu siye Blade wa kitabuni.

Hao ndio mashabiki wa kawaida wa katuni. Wanaanza na kitabu, wanakihifadhi kwenye nailoni, halafu filamu inatoka na wanakwenda kuikagua kama mkwe anayekagua mahari. Sisi wa Shelui tuliingilia mlango wa nyuma. Filamu tuliijua, kitabu hatukukijua, na kati yetu na filamu alisimama mtu wa tatu ambaye shabiki wa Chicago hajawahi kumsikia. Ubishi wetu wote uliishia kwake.

Mtafsiri, au DJ kama anavyoitwa, hatafsiri kwa maana ya kamusi. Anaizima sauti ya wenyewe kila anapotaka, anashika maikrofoni, na kuigiza wote peke yake: steringi, adui, mama wa adui, mbwa. Penye kimya anajaza. Asipoelewa Kiingereza cha pale anatunga, na mara nyingine alichotunga kinafaa kuliko kilichokuwepo. Watanzania tulizoeshwa mambo haya na Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake waliijua watu wasiowahi kuiona sura yake. Wakenya wana DJ Afro. Waganda wana wa kwao wanaoitwa VJ, na hao ni wachekeshaji kuliko wasimulizi.

Likarion Wainaina wa Kenya alimweka mtu wa aina hiyo ndani ya filamu yake, Supa Modo. Kuna binti mdogo, Jo, mgonjwa asiye na siku nyingi, mpenzi wa filamu za mashujaa. Na kuna Mike, kijana anayewasimulia wanakijiji filamu bandani. Kijiji kizima kinakula njama ya kumtengenezea Jo filamu ambayo steringi ni yeye. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin, Februari 2018. Mwezi huohuo ndio ilipotoka Black Panther. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili inamjua shabiki, nitakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na Marvel hawatafurahi.

Lakini sura hii ni ya Black Panther, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nitafute kitabu.

Ryan Coogler aliiongoza kwa gharama ya dola milioni 200 hivi, ikaingiza zaidi ya bilioni 1.3, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar tatu: mavazi, usanifu wa mandhari, na muziki. Kisumu waliiona mapema, Februari hiyohiyo, kwa heshima ya mwigizaji wake Lupita Nyong'o, ambaye baba yake alikuwa gavana wa huko. Shelui haikuwa na heshima ya kupewa. Ilitufikia ndani ya flashi, miezi kadhaa baadaye, ikiwa tayari na tafsiri. Nilikuwa nyumbani likizo. TV ya chogo ilishaondoka, imekuja bapa, lakini kabati la nondo lilikuwa lilelile na kufuli lilelile.

DJ aliyeitafsiri simtaji, kwa sababu mbele nitamsema vibaya. Kwanza nimsifu. Alimwita mfalme T'Challa "Chala", kama ziwa la Rombo, na hakuna aliyestuka. Nakia, anayependwa na mfalme, alikuwa "shemeji" tangu dakika ya kwanza. M'Baku, yule jitu la theluji, akawa "Mzee wa Milimani". Okoye, jenerali wa walinzi wa kike, akawa "Afande", na alipovua wigi kule Busan na kumrushia mtu usoni, utingo mmoja alisimama akapiga saluti.

Na alilitatua tatizo ambalo Coogler hakulitatua: lugha. Ndani ya filamu watu wa Wakanda, nchi ya kubuni ya T'Challa, wanazungumza isiXhosa. Iliingia kupitia mzee John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza mfalme T'Chaka katika filamu ya Marvel iliyotangulia, na inasikika vizuri sana. Ila Marvel kwenye ramani zao huichora nchi hiyo huku kwetu, upande wa Ziwa Turkana. Nchi jirani ya Kenya na Uganda, ina wapelelezi dunia nzima, na sokoni hakuna hata mmoja anayetamka bei kwa Kiswahili? DJ alilimaliza hilo kwa pumzi moja. Wakanda wote, mfalme na walinzi wake, walizungumza Kiswahili cha Manzese.

Jina lenyewe lina kasoro ambayo Mswahili pekee ndiye anayeisikia. Wagogo kwao ni Ugogo, Wasukuma kwao ni Usukuma. Wakanda ni watu. Nchi yao ingekuwa Ukanda. Mchimbaji mmoja aliyekaa nyuma yangu aliuliza kwa sauti hao Wakanda wanakanda nini, unga au migongo, na ilichukua muda banda kutulia.

Kitabu nilikipata mwaka uliofuata Dar es Salaam, kwa muuza vitabu vya mitumba: mkusanyo wa hadithi za mwanzo, jalada limepauka, kurasa mbili zimeshikana kwa kitu ambacho sikutaka kukijua. Chui Mweusi anatokea kwa mara ya kwanza katika Fantastic Four namba 52, toleo la Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Mfalme wa Kiafrika anawaalika mashujaa wanne wa Marekani nchini kwake, wakifika anawawinda mmojammoja ili ajipime. Kirby alichora msitu ambao miti yake ni nyaya na mashina yake ni mitambo. Niliukodolea macho msitu ule kituo kizima cha daladala na kingine. Filamu, pamoja na dola zake zote, haina kitu cha ajabu kama ule msitu. Ina treni za kasi na maghorofa yenye mapaa ya msonge. Mazuri, lakini ni mji. Kirby alichora pori lililojificha mashine ndani yake, pori ambalo mzungu anaingia akidhani amelijua.

Majina pia nikayaona yalivyoandikwa: T'Challa, M'Baku, N'Jadaka, koma juu kila mahali kama inzi kwenye kidonda. Mbozi haina koma. Njombe haina koma. Sijui nani aliwaambia Wamarekani kwamba Mwafrika hukohoa katikati ya jina lake.

Palipo na haki niseme: kuna mahali filamu imekipiku kitabu, tena kwa mbali. M'Baku alipoingia kwenye katuni mwaka 1969 aliitwa kwa jina la mtu-nyani na kuvalishwa ngozi ya sokwe mweupe. Coogler alilitupa jina hilo, akabakiza sokwe kama mungu wa ukoo tu, na Winston Duke akamfanya mtu ambaye ungependa akukaribishe chakula. Walinzi wa kike nao, ambao mwandishi Christopher Priest aliwaleta mwaka 1998, kitabuni walikuwa mabinti waliowekwa karibu na mfalme kama wachumba watarajiwa. Nakia wa kitabuni anapagawa kwa mapenzi mpaka anageuka adui. Wa kwenye filamu ana kazi yake, na mfalme ndiye anayegugumia akimwona. Shabiki anayedai kila kitu kiletwe kama kilivyochorwa, huwa namuuliza kama na hayo anayataka.

Sasa madini.

Kilomita chache kutoka kwenye lile banda ndiko kulikokuwa na mgodi wa dhahabu wa Sekenke, uliochimbwa na Wajerumani tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wachimbaji wadogo bado wanahangaika na miamba ya maeneo hayo, na jioni ndio wateja wa video. Mwaka 1916, bahari ikiwa imezibwa na manowari za Waingereza na serikali ya koloni ikiwa imeishiwa sarafu, Wajerumani waliigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi kidogo ya 16,000. Upande mmoja kuna tai wa Ujerumani. Upande wa pili kuna tembo ameinua mkonga, na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora na jeshi lao kutoka Kongo, mchezo ukaisha. Leo sarafu hizo hushindaniwa minadani Ulaya na Marekani, na anayeitaka huingia mfukoni kwa maelfu ya dola. Shelui nzima sijamjua mtu aliyewahi kuishika.

Kwa hiyo filamu ilipoanza kueleza kwamba kuna taifa lililokaa juu ya mlima wa madini likayaficha, likajifanya maskini wa ng'ombe na mashuka ili wageni wapite tu, hakuna aliyecheka. DJ hakusema vibraniamu. Alisema "madini", basi. Wachimbaji wakauliza gramu inakwenda bei gani, huku wamekunja mikono vifuani kama watu waliomo kwenye mkutano wa hadhara. Kitabuni madini yale ni sababu ya vita na Klaw, mwizi aliyemuua baba yake T'Challa, yanamhusu mfalme. Filamu imeyafanya yahusu kila mtu ambaye hakuyapata.

Mwenye kuuliza swali hilo ni adui, Killmonger, ndani ya makumbusho ya London, mbele ya kioo chenye vitu vya Kiafrika. Anamuuliza mama wa Kizungu mababu zake walivipataje. Hapo banda lilinyamaza, na DJ naye, kwa mara moja usiku ule, alinyamaza. Mimi nilimkumbuka mjusi wa Tendaguru, yule wa Lindi, aliyesimama Berlin kwa mifupa yake. Katika sheria za kibanda umiza adui hana haki ya kusema kweli. Ana kazi mbili, kukera na kufa. Huyu alisema kweli akiwa bado adui, na nilisikia mabenchi yakilia watu wakijigeuza.

Ni hapo mbele ndipo DJ aliponikosea. Killmonger amechomwa, machweo yanaangukia migodi, mfalme anamwambia anaweza kuponywa. Anakataa kuponywa ili akafungwe. Anataja bahari na watu waliojitosa kutoka kwenye merikebu za watumwa. Ni maneno machache. Ndiyo filamu yenyewe. DJ akasema: "Adui kwisha habari yake, haya watu wangu, tukale." Watu walicheka, nami nikacheka, halafu nikakasirika nilipoifungua ile ya asili baadaye na kujua nilikuwa nimecheka nini. Miaka yote nilikuwa nikiwatetea watafsiri kwa marafiki wa mjini wanaowadharau. Bado nawatetea. Lakini pale alipaswa kuikabidhi kweli ya mtu kwa watu waliokuwa wanaisubiri, yeye akaila njiani.

(Kama kuna msomaji anayedhani Chui Weusi wa kweli, wale wa chama kilichoanzishwa Oakland Oktoba 1966, wako mbali nasi, basi ajue: Pete O'Neal, aliyeliongoza tawi lao la Kansas City, aliikimbia Marekani mwaka 1970 akikwepa kifungo cha kesi ya bunduki, akapitia Algeria, na tangu 1972 akawa Tanzania. Yeye na mkewe Charlotte walijenga kituo Imbaseni, nje kidogo ya Arusha, ambako watoto wa kijiji wamesoma na kulala. Chama na katuni vilitokea mwaka mmoja bila kuambizana. Coogler amezaliwa Oakland, na hadithi yake anaianzia Oakland, kwa mtoto aliyeachwa nyuma. Mmoja wa hao Chui wa kweli alikuja huku na kuchimba visima. Filamu hiyo haijatengenezwa na mtu wa katuni.)

Usiku ule nilirudi nyumbani saa tano. Bibi alikuwa hajalala. Bibi yangu ni Mnyaturu, aliolewa huku Iramba, na hata baada ya miaka sitini bado akiudhika hurudi kwenye Kinyaturu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmetoka wapi usiku?"

Nikamweleza. Mfalme, kijana, hodari, anavaa ngozi ya chui mweusi yenye makucha, anatoka usiku anawashukia maadui. Nilikuwa naeleza kwa raha. Akaniacha nimalize.

"Nani kamvalisha?" akauliza.

Sikuelewa swali, mpaka aliponikumbusha alikokulia. Katika miaka ya 1940, na hasa 1946 na 1947, watu wa Singida waliokotwa maporini na njiani wamekufa, miili ina alama za makucha. Serikali ya Waingereza ilianza kwa kusaka simba. Baadaye ikasaka watu. Walikamatwa, wakashtakiwa kwa mauaji, na habari za simba-watu wa Singida zikaenda mpaka magazeti ya nje. Kila aliyeishi wakati ule alijua maelezo yake: yupo mtu anayefugwa ndani ya nyumba, anavalishwa ngozi, anatumwa. Anayevaa ngozi si mwenye shari. Mwenye shari ni aliyemvalisha, na huyo mchana anakusalimia kisimani. Bibi alikuwa mtoto. Alikatazwa kuteka maji peke yake, na anakumbuka kibuyu cha jirani kilichokaa kisimani siku mbili bila mtu kuthubutu kukigusa.

Nilikuwa nimeshabikia filamu ya mtu aliyevaa ngozi na kucha usiku ule wote, nikiwa mtoto wa Singida, na jambo hili halikunipitia kichwani hata mara moja.

Baadaye nilifuatilia, nikaona kwamba katuni zilianza na ngozi hiyo upande wa bibi. Mbelgiji Hergé, alipompeleka shujaa wake Tintin Kongo katika hadithi aliyoichora mwaka 1930 na 1931, alimpa adui mtu wa Aniota: mwuaji aliyejifunika ngozi ya chui, kucha za chuma mkononi. Aliiga sanamu iliyokuwa kwenye makumbusho ya Tervuren. Mashariki ya Kongo waliyajua mauaji hayo kweli, kama Singida walivyowajua simba-watu, ila kwenye katuni ya Hergé mtu wa chui hana ukoo wala hoja. Ni kitisho cha kumwinua mgeni. Miaka thelathini na mitano baadaye Kirby akaichora ngozi ileile, akaondoa madoa, akaweka mfalme ndani. Nadhani hakuna badiliko kubwa zaidi ya hilo katika safari nzima ya hadithi hii, kubwa kuliko lolote alilofanya Coogler na lolote alilofanya DJ. Na mtu pekee niliyemfahamu mwenye uwezo wa kulipima kwa haki alikuwa hajui kusoma.

Nilipokipata kitabu nikarudi nacho Shelui. Nilimpa bibi mchana, uani, akiwa anapepeta uwele. Aliweka ungo chini. Aliushika ukurasa wa Chui Mweusi mbali na macho, kisha karibu. Akapitisha kidole juu ya kofia yenye masikio, akafika kwenye makucha, akasimama hapo.

"Huyu ana mama?"

"Anaye, bibi. Ni malkia. Ramonda." Kitabuni ni mama wa kambo na kwenye filamu ni mama mzazi, lakini niliona si wakati wake.

"Na anajua mwanawe anavaa hivi usiku?"

"Anajua. Ni kazi ya ukoo wao."

Alikifunga kitabu, akanirudishia, akachukua ungo wake.

"Basi kisilale humu ndani," akasema. "Kalale nacho kwako."